Jina Lililokwisha Kuapa

Alu alikuwa amejikuna mkono mpaka damu, na bado alisema wadudu wamo ndani, wanapanda kuelekea begani. Chebo, kaka yake, aliukamata mkono ule akaubana gotini kwake. Mkono wa pili haukuwa na haja ya kushikwa. Ulikuwa umefungwa na wa Chebo kwa mshipi wa pamba, kifundo kwa kifundo, tangu walipoteremka kwenye lori la kabichi kabla hakujapambazuka. Walikaa kwenye benchi la saruji nje ya geti la hekalu, pamoja na mateja wengine na ndugu waliowaleta, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Ng'ambo ya ukuta ngoma zikaanza. Zikafuata nyimbo, sauti za wanaume wengi, na ndani ya nyimbo ikasikika sauti ya watu wanaotapika.

"Wanachinjwa?" Alu aliuliza.

"Wanatapika. Si nilikwambia? Unakunywa dawa, unashindilia na maji ndoo nzima, unatoa yote mferejini. Wenzako wanakuimbia."

"Mimi nitapike, watu waniimbie?"

"Ndiyo."

"Hata siku ya harusi yangu hawakuimba hivyo." Alu akacheka. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka, na kicheko chenyewe kilikatikia njiani akaanza kutetemeka. "Kaka, kuna mtu juu ya paa."

"Hakuna mtu."

"Ana panga."

"Panga ulikuwa nalo wewe," Chebo alisema, na papo hapo akajutia kauli yake.

Lakini ilikuwa kweli. Siku chache zilizopita Alu alimkimbiza binti yake wa kumzaa kuzunguka nyumba, panga mkononi, akipiga kelele kwamba ni askari aliyevaa sura ya mtoto. Mtoto alinusurika kwa kujitupa uvunguni mwa ghala la mpunga. Mkewe alibeba watoto akarudi kwao, hakusubiri hata kukusanya vyombo. Wanaume wa kijiji wakamkamata Alu, wakamfunga mnyororo kwenye nguzo chini ya nyumba, pale wanapolala nguruwe, na mkuu wa kijiji akamwambia mama yao mbele ya watu wote: atakaa hapo mpaka apone au afe. Na aliyewahi kupona kwa mnyororo hakuwapo kijijini pale. Mama alikuwa anamlisha kwa mkono, nguruwe wakigombea kinachodondoka. Chebo akaomba nafasi moja tu. Alisema, kuna mahali mimi mwenyewe nilipona, nipeni nimpeleke, na wakimkataa huko nitamrudisha kwenye mnyororo kwa mikono yangu. Hivyo ndivyo alivyowaahidi, na wao wakamfungulia.

Na kweli alipona hapo. Miaka ya nyuma Chebo alikuwa mpiga dawa za wadudu kwenye mashamba ya machenza kule bondeni, bomba mgongoni tangu asubuhi, na msimamizi alikuwa akiwagawia vidonge pamoja na chai ili wasisikie jua wala njaa. Vidonge vyekundu vidogo, vinanukia vanila. Mwanzoni vilikuwa vya bure, baadaye vikakatwa kwenye ujira, na mwishowe hakukuwa na ujira wa kukatwa. Siku Chebo aliposhindwa kulinyanyua bomba, msimamizi yule yule alimfukuza kazi kwa sababu ni teja. Alimwita teja bila haya, kikombe cha chai bado kiko mkononi!

Tatizo halikuwa nia ya kupona, tatizo lilikuwa barabara. Chebo hakuwa na kitambulisho. Alizaliwa nyumbani, milimani, wakati ambao hakuna karani wa serikali aliyejisumbua kupanda huko, na mtu asiyeandikwa haruhusiwi kutoka nje ya wilaya yake bila kibali. Alu alikaa vibaya tumboni, mama akateremshwa hospitali kwa machela, mtoto akapewa cheti, na cheti kikaja kuzaa kadi. Tumbo moja, baba mmoja, mmoja raia na mwingine si kitu. Karani alishindwa kuliandika jina la Kiakha, lugha ya kabila lao, akampa mtoto jina la Kithai lililomjia kichwani, Thongdi. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo, aliitwa Alu, jina lake la utotoni. Lilikuwa jina la kuonyeshea askari.

Basi Chebo akaazima kadi ya mdogo wake. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walitazama kadi, wakatazama uso, wakamrudishia. Watu wa milimani sura zao moja. Huo ndio utani wa askari, na kwa mara ya kwanza utani ule ulimfaa mtu wa milimani. Hekaluni alipoulizwa jina alisema lililo kwenye kadi. Akanywa dawa, akatapika, akakalishwa kwenye mvuke wa mchaichai, akaapa. Tangu siku ile hakugusa kidonge, na mashamba yote ya bondeni akayapita kwa mbali. Hakuona kosa alilofanya. Kwake yeye jina la kadi halikuwa jina la mtu, lilikuwa kama viatu vya kuazima vya kuingilia ofisini.

Alu naye, kwa sababu ana kadi, alipata kazi ya raia. Aliendesha lori la machenza kutoka kaskazini mpaka mji mkuu, anakwenda na kurudi bila kulala. Tajiri wake alimwambia dereva anayelala hana kazi, akamwonyesha mahali pa kununulia kitakachomkesha.

"Wanaofuata!"

Aliyeita ni Mwalimu Wirat, mwenyekiti wa kamati ya hekalu. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na bado alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, beji ya serikali kifuani. Meza yake ilikuwa chini ya banda la bati, juu yake kuna mashine ya kusomea kadi, na pembeni trei ya vikopo. Hatua chache kutoka mezani ilisimama pikapu ya polisi yenye kizimba nyuma. Siku hiyo sajini alikuwa ameleta watu waliotumwa na mahakama, na sasa alikaa ubavuni mwa gari lake akifyonza kahawa ya barafu kwenye mfuko wa plastiki.

"Ikaw?" Mwalimu Wirat aliuliza bila kuinua macho.

"Waakha, Mwalimu." Wenyewe hawajiiti Ikaw, ni jina la kuitwa unapofukuzwa sokoni.

"Si hao hao. Mgonjwa ni yupi?" Akautazama mshipi. "Au mmekuja wawili kama ng'ombe wa kulimia?"

Kwenye benchi watu wawili watatu walicheka, wakipata nafuu kwamba anayechekwa ni mwingine.

"Ni mdogo wangu huyu, Mwalimu."

"Kadi."

Kadi ikaingia kwenye mashine, taa ikawaka kijani. Mwalimu Wirat akasoma, kisha akamsemesha Alu taratibu na kwa sauti kubwa, kama anavyosemeshwa kiziwi. "Thongdi. Dawa ni bure. Chakula ni bure. Lakini hapa kiapo ni kimoja. Mtu anaapa mara moja tu maishani, na anayevunja kiapo harudi tena, hata akiwa mtoto wa waziri. Hatuna mara ya pili. Umenielewa, Thongdi?"

Alu akageuka nyuma kumtafuta huyo Thongdi. Chebo akavuta mshipi.

"Nimeelewa," Alu alisema haraka.

Wakampa kikopo, akaenda kukojoa nyuma ya banda, kaka yake kando yake maana mshipi haukuwaruhusu kuachana. Mwalimu Wirat alitumbukiza tone la dawa ya kupimia, mkojo ukageuka zambarau iliyokolea, rangi ya teja, kila mtu kwenye benchi akaona. Alikiweka kikopo kwenye trei. "Vizuri. Huyu hahitaji maelezo. Mfungue, aingie, nguo za mgonjwa atapewa ndani."

Chebo akaanza kufungua fundo. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, kwa maswali, kwa matusi, kwa kuambiwa njoo mwezi ujao, na sasa imekuwa rahisi hivi? Alijisikia kulia pale pale mbele ya watu. Fundo lilikuwa limekazwa na jasho, akaliinamia alegeze kwa meno.

"Thongdi!"

Sauti ilitoka getini. Alikuwa Mtawa Kasem, mzee mwembamba mwenye michoro ya zamani mikononi, joho la kahawia limepandishwa mpaka magotini, vidole vimekuwa vyeusi kwa dawa. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina dawa ile kwenye vikombe, asubuhi baada ya asubuhi, miaka nenda rudi. Hakuwa anamtazama Alu. Alikuwa anamjia Chebo, mikono ameinyoosha.

"Thongdi wangu huyu! Simama nikuone. Inua uso. Macho meupe! Kiapo umekishika?"

"Nimekishika, Baba Mtawa," Chebo alisema.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Miaka yote ile huyu ndiye mtu pekee duniani aliyetamani kumwambia neno hilo, na alipoulizwa alijibu, basi.

"Mwalimu, huyu ndiye ninayewahadithia wageni," mtawa alisema, amejaa furaha. "Mtu wa milimani, alikuja hapa mifupa mitupu. Alitapika mpaka tukadhani tunamzika. Siku ya pili akanyanyuka kumshikia ndoo mwenzake. Huwa nawaambia, Thongdi aliweza, nanyi mtaweza!"

Mwalimu Wirat alichukua kadi mezani. Akaitazama. Akamtazama Chebo, kisha Alu, kisha kadi tena. "Baba Mtawa, unasema huyu ni Thongdi."

"Kabisa."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu simjui. Nani huyu, Thongdi? Ndugu yako?"

Chebo aliliinamia fundo tena, akaling'ata.

"Thongdi ni mimi," Alu alisema. Alianza kucheka kile kicheko chake cha asubuhi. "Kaka! Kumbe ulininywea dawa yangu!"

Hakuna aliyecheka naye. Ngoma za ndani zilikuwa zimesimama kidogo, na mtawa akaelewa alichofanya. Uso ulimsawijika.

"Kaza hilo fundo," Mwalimu Wirat alisema. "Hakuna kuingia."

"Mwalimu, naomba unisikilize."

"Thongdi ameshaapa. Na amevunja." Alikigonga kikopo kwa kalamu. "Ushahidi huu hapa, wa moto bado."

"Niliyeapa ni mimi, Mwalimu! Yeye hajawahi kukanyaga hapa. Kinywa kilichokunywa ni hiki, tumbo lililotapika ni hili."

"Na jina?"

"Jina lilikuwa la njiani tu. La kwangu nilikuwa nalitaja moyoni. Tugo, Gomi, Miche, Chebo." Aliyatamka mfululizo, kama anavyoyatamka kila mwanamume wa Kiakha, kwa sababu kwao jina la mwana huanzia pale jina la baba lilipoishia, na mtu anayeingia kwenye jambo zito huwataja baba zake ili wamtambue. "Mimi ni Chebo, mwana wa Miche. Baba zangu walinisikia."

"Baba zako hawamo kwenye mashine," Mwalimu Wirat alisema.

"Mwalimu," mtawa aliingilia, "kiapo ni cha aliyekunywa. Mimi nilimmiminia mtu, sikuimiminia kadi."

"Baba Mtawa, wewe rudi kwenye ndoo zako. Haya ni ya kamati."

Mtawa hakurudi. Mwalimu Wirat aliinuka, akamvuta Chebo kando kwa bega, na Alu akaburutwa nyuma yao maana mshipi bado ulikuwepo. Mzee akashusha sauti. Ilikuwa sauti ya upole kabisa, ile ya kumwonya mtoto wa shule unayemwonea huruma.

"Wewe unajua kwa nini hekalu hili liko wazi mpaka leo? Mengine yote ya dawa za mitishamba yamefungwa. Sisi tuna kibali kwa sababu kila mwaka naweka sahihi kwamba hatujamtibu mtu asiye na kadi. Hata mmoja. Nikikubali ni wewe uliyeapa, nimekubali kwamba tulikutibu. Umeona? Kwa hiyo aliyeapa ni Thongdi, aliyevunja ni Thongdi, na yamekwisha. Mchukue mdogo wako mwende. Mimi sikukuona. Yule pale kwenye gari naye hajakuona. Nakusaidia, usinifanye nijute."

Na kweli alidhani anasaidia. Hilo ndilo lililomchoma Chebo kuliko lile la ng'ombe wa kulimia. Angeweza kuondoka. Lori la kabichi lilikuwa linarudi mchana, dereva alikuwa mtu wa kijiji cha pili, na njia za kukwepa vizuizi alizijua. Jioni angekuwa nyumbani kwake salama, ameukaza mnyororo kwenye shingo ya mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe kama alivyoahidi. Alimwona mama yake akiinama chini ya nyumba na bakuli la wali. Kisha akamwona amechoka kuinama.

"Mimi si Thongdi!" Chebo alipaza sauti. Benchi zima likageuka. "Sikieni wote! Jina langu ni Chebo! Mimi ndiye niliyeapa hapa kwa kadi ya mtu! Huyu hajaapa!"

"Nyamaza, mjinga wewe," Mwalimu Wirat alisema akiuma meno.

Sajini alikuwa ameshaweka kahawa yake juu ya boneti. Alikuja taratibu, akivuta suruali juu ya kitambi. "Kelele za nini mbele ya hekalu?"

"Afande, ni mimi. Naitwa Chebo. Sina kadi. Nilivuka wilaya bila kibali, zamani na leo, na nilitumia kadi ya huyu mdogo wangu. Nichukueni. Lakini yeye ni raia, na ni mgonjwa, na hajawahi kuapa. Apokelewe tu, basi."

Sajini alimtazama kwa mshangao. Katika kazi yake watu humkimbia. Hakuwahi kuletewa mtu na mtu mwenyewe. "Mwalimu, huyu anaota au?"

"Simjui," Mwalimu Wirat alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza namwona."

"Baba Mtawa?"

Watawa hawasemi uongo. Mtawa Kasem alitazama vidole vyake vyeusi. "Namjua. Nilimmiminia dawa."

"Kwa jina gani?"

"Thongdi," mtawa alisema, na macho hakuyainua tena.

"Kumbe si ndoto." Sajini akachukua kikopo kitupu kwenye trei. "Kojoa. Tuone nina makosa mangapi hapa."

Chebo akakojoa. Tone likatumbukia, mkojo ukabaki vile vile, rangi ya chai nyepesi. Sajini akatikisa kikopo. Akakinyanyua kwenye mwanga. Akaomba dawa nyingine, akidhani ile imeharibika, akajaribu tena, na tena mkojo haukugeuka.

"Hata chembe," alisema, kama mtu aliyepunjwa. "Wewe ulikuwa teja kweli?"

"Alikuwa," mtawa alisema. "Ameshika kiapo, ndiyo maana."

"Kiapo gani?" Mwalimu Wirat aligeuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Huyu hana kiapo! Hatumjui! Kiapo kilichopo hapa ni cha Thongdi, na Thongdi mkojo wake ni ule pale!"

Vikopo viwili vilikaa kando kwa kando kwenye trei, kimoja zambarau, kingine safi. Sajini alivitazama, kisha akawatazama wenye vikopo, akapiga paja lake akacheka.

"Haya makubwa! Msafi hana kadi, na mwenye kadi ni mchafu. Lakini sheria imenirahisishia. Teja ni mgonjwa, na mgonjwa simkamati. Kuazimisha kadi ni kosa, ila huyu nitamwonya, maana hata akionywa hasikii. Wa kwangu ni wewe."

"Sawa, afande. Na yeye anaingia?"

"Hilo si langu. Mwalimu?"

Mwalimu Wirat alikuwa ameshakaa na ameshaita wanaofuata. "Jina limekwisha kuapa. Siwezi kulifua."

"Lakini nimesema ukweli!" Chebo alilia. "Nimesema mbele ya afande! Mnataka nini tena?"

"Nilikwambia uende. Hukusikia."

Sajini akatoa kisu cha mfukoni akakata mshipi katikati. Kipande kimoja kilibaki kwenye kifundo cha Chebo, kingine kwa Alu. Pingu zikaingia mahali pa mshipi.

"Utarudishwa kwenu," sajini alisema, akimsukuma kuelekea kizimbani.

"Kwetu ni huko juu, afande. Kitongoji cha juu ya bonde la machenza. Kaburi la baba yangu liko huko."

"Kwenu mlikotoka."

"Ndiko tulikotoka leo."

"Usinifanyie ujanja. Ng'ambo ya mto. Huko mna wenzenu." Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi nyingine, yenye vita vyake, na Chebo hakuwahi kuiona ila moshi wake, watu wa huko wakichoma mashamba. Mlango wa wavu ukafungwa nyuma yake.

Alu alisimama pale pale walipomwacha, kadi mkononi. Mwalimu Wirat alikuwa amemrudishia kwa adabu, mikono miwili, kama anavyorudishiwa raia. Mtawa Kasem alimsogelea, akageuka, akaingia ndani ya geti akiwa ameinama.

"Alu!" Chebo aliita kutoka kizimbani. "Lori la kabichi. Mchana. Nenda ukalingojee barabarani, mwambie dereva akufikishe kwa mama."

"Kwenye mnyororo?"

Chebo alishika wavu.

"Kaka, mimi hata sijaapa," Alu alisema. Kwa mara ya kwanza tangu nyumbani macho yake yalitulia, na sauti ilikuwa ya yule Alu wa zamani, mtani, aliyekuwa akiigiza wazee kwenye sherehe. "Umenimalizia kiapo changu chote. Hukuniachia hata cha kuonja."

"Nisamehe."

"Basi nipe chako. Wewe chako hujakitumia."

Hakungoja aruhusiwe. Sajini alikuwa amerudi kwenye kahawa yake, akisubiri karatasi za watu wa mahakama zitiwe sahihi, na hakuna aliyemjali teja mmoja anayeyumba kuufuata ukuta. Mahali ukuta unapoinama, mfereji wa ndani ulitokeza nje kupitia tundu, ukimwaga kwenye korongo maji machafu ya wale waliokuwa wakitapika. Kando yake palikuwa na bomba la kuoshea magari. Alu akapiga magoti. Akalifungua, akaweka kinywa, akanywa. Alikunywa mpaka tumbo likavimba chini ya shati, akapumzika, akanywa tena. Ndani ngoma zilianza upya, zamu nyingine ya wagonjwa ilikuwa imeketishwa, na zile nyimbo zikapanda.

Dawa hakuwa nayo. Akaingiza vidole kooni.

Chebo aliona mgongo ukikunjika. Aliona maji yakitoka, maji matupu, hayana lolote ndani yake, maana sumu haitolewi kwa maji ya bomba peke yake. Alu alijipangusa kwa kiwiko, akaunganisha viganja mbele ya uso, akaelekea ukuta. Akaanza kutamka maneno ambayo kaka yake alimfundisha juu ya kabichi, njia nzima, ili asije akajikanganya mbele ya watawa.

"Mimi Chebo, mwana wa Miche, naapa mbele ya mnaonisikia. Sitagusa. Sitauza. Sitampa mwingine. Mimi Chebo..."

"Msikie huyo," sajini alisema, akikunja mfuko mtupu wa kahawa. "Si Chebo tunaye humu?"

Akaingia kwenye gari akawasha. Chebo alijibana kwenye kona ya kizimba ili aendelee kuona. Alu alikuwa ameinama kwenye bomba tena, na mlinzi wa hekalu alikuwa anamjia na fagio refu la kusukumia maji, anamsukuma nalo ubavuni, kwanza pole pole, kisha kwa nguvu.

"We! Toka hapo! Hapa si mahali pa kutapikia!"